Kuujenga Msamiati wa Juu wa Kiingereza: Haja na Njia Zake

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayowafikia mara kwa mara wale wanaoshughulika na istilahi, limo hili: mtu aliyekwisha kukijua Kiingereza cha shule afanye nini ili akipate Kiingereza cha juu? Wanaouliza ni wafasiri, walimu wa sekondari, na watumishi wa serikali ambao kila siku hupokea nyaraka zilizoandikwa kwa lugha hiyo na hutakiwa kuzieleza kwa Kiswahili. Aghalabu jibu wanalopewa ni kwamba wakariri orodha ya maneno magumu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi, na kwamba iko njia nyingine iliyo fupi zaidi na yenye faida zaidi.

Huenda wakatokea wasomaji watakaouliza kwa nini jarida lenye kazi ya kukiendeleza Kiswahili lishughulike na msamiati wa lugha ya kigeni. Jibu letu ni jepesi. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Sheria nyingi zilizokuwapo wakati huo zilikuwa zimetungwa kwa Kiingereza. Nani atazifasiri ipasavyo ikiwa hajui maneno yake yanabeba nini? Mfasiri asiyekielewa vema Kiingereza hakiharibu Kiingereza. Kiingereza hubaki salama vitabuni mwake. Kinachoharibika ni Kiswahili, na anayeumia ni mwananchi aliyesoma tafsiri hiyo akaiamini.

1. Msamiati wa juu ni upi?

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja potofu. Wengi hudhani kwamba msamiati wa juu ni wingi wa maneno adimu yasiyojulikana na watu. Wataalamu waliohesabu maneno katika maandishi wameonyesha vinginevyo. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno yapatayo 2,000 ya Kiingereza yaliyo muhimu kwa mwanafunzi, na maneno hayo peke yake huchukua sehemu iliyo kubwa sana ya maandishi yoyote. Mwaka 2000 Averil Coxhead alitoa orodha nyingine ya jamii 570 za maneno ambayo hutokea katika maandishi ya kitaaluma ya kila fani, nayo huchukua kadiri ya asilimia 10 ya maandishi ya namna hiyo. Paul Nation naye, katika uchunguzi alioutoa mwaka 2006, alikadiria kwamba msomaji anahitaji jamii za maneno kati ya 8,000 na 9,000 ili aweze kusoma kitabu au gazeti la Kiingereza bila kukwama kila mara.

Tunaposema jamii ya maneno tuna maana ya neno pamoja na vizalia vyake, kama vile katika Kiswahili soma, msomaji, somo, masomo, usomaji na kisomo yanavyokuwa jamii moja. Hesabu hizo zatufunza mambo mawili. Kwanza, mtu aliyemaliza sekondari hahitaji kuanza upya, kwani msingi anao. Pili, maneno 570 ya Coxhead si ya ajabu. Yamo humo maneno kama "assess", "constitute", "derive", "policy" na "sector", ambayo mtumishi wa serikali huyaona kila siku. Yanamtatiza kwa sababu huyatambua kwa sura tu, wala hawezi kueleza mipaka ya maana zake.

Kwa hiyo msamiati wa juu hupimwa kwa kina pamoja na wingi. Anayejua maneno 5,000 kwa kina, akajua kila moja limetoka wapi, linaambatana na nini na linatumika mahali gani, ni bora kuliko aliyekariri 10,000 kwa kulinganisha kila moja na neno moja la Kiswahili.

2. Matabaka ya maneno ya Kiingereza

Kiingereza ni lugha ya matabaka. Tabaka la chini kabisa ni maneno ya Kijerumani cha kale yaliyoletwa Uingereza na Waanglia na Wasaksoni. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda nchi hiyo, na kwa muda wa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya watawala, mahakama na watu wa cheo. Baadaye, elimu ilipoenea, wanazuoni waliingiza maelfu ya maneno ya Kilatini na Kigiriki. Hivyo kwa jambo moja Kiingereza mara nyingi kina maneno matatu. Mtu wa kawaida atasema "ask", mwandishi wa habari atasema "question", na afisa wa upelelezi atasema "interrogate". La kwanza ni la wenyeji, la pili limepitia Kifaransa, na la tatu limetoka Kilatini. Kadiri tunavyopanda tabaka, ndivyo neno linavyozidi kuwa la kirasmi.

Jambo hili lisiwe geni kwetu. Kiswahili nacho kina kuuliza, kuhoji na kusaili. Hakuna atakayesema kwamba mtoto alimsaili mama yake kama chakula kimeiva. Mfasiri anayetambua tabaka la neno la Kiingereza atachagua neno la Kiswahili lenye uzito ule ule, na mwalimu ataweza kuwaeleza wanafunzi wake kwa nini neno fulani linafaa katika barua ya kikazi wala halifai sokoni.

Matabaka hayo yana matokeo makubwa zaidi katika lugha ya sheria. Katika mahakama za Uingereza, Kifaransa na Kilatini viliendelea kutumika kwa muda mrefu. Mwaka 1362 ilitungwa sheria iliyoamuru kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, lakini sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, na mabaki ya lugha hizo mbili katika kumbukumbu za mahakama yalidumu hadi karne ya 18. Katika kipindi hicho waandishi wa hati walizoea kuweka maneno mawili pamoja yenye maana moja au zinazokaribiana sana. Ndipo yakapatikana mafungu kama "will and testament", ambamo neno la kwanza ni la Kiingereza cha asili na la pili ni la Kilatini. Kadhalika tunayo "null and void" na "fit and proper".

Mfasiri asiyejua historia hiyo hukuna kichwa akitafuta maneno mawili ya Kiswahili, na asipoyapata huyabuni. Hapo huzaliwa tofauti ambayo sheria haikuikusudia, na wakili mwerevu anaweza kuisimamia mahakamani. Kwa "will and testament" Kiswahili kina neno moja tu linalotosha, nalo ni wosia. Kwa "null and void" latosha neno batili. Lakini mfasiri asifanye haraka ya kuunganisha kila fungu la namna hii, kwani yapo ambayo kila neno lina kazi yake. Kuyatenganisha ni sehemu ya ule ujuzi tunaouita msamiati wa juu.

3. Viungo vya neno

Njia iliyo fupi ya kuongeza msamiati ni kujifunza viungo vinavyounda maneno: mashina, viambishi awali na viambishi tamati. Anayejua Kiswahili ana wepesi wa kuifuata njia hii, maana lugha yake yenyewe ni ya viambishi. Zaidi ya hayo, Kiswahili kimerithi kutoka Kiarabu jamii za maneno kama kitabu, katibu na maktaba, ambazo zote zina konsonanti k, t na b zenye asili ya kuandika.

Tulinganishe jamii hiyo na shina la Kilatini "script" au "scrib", ambalo nalo lina maana ya kuandika. "Manuscript" ni kilichoandikwa kwa mkono, yaani muswada. "Subscribe" ni kuandika chini, yaani kutia sahihi chini ya jambo, na hatimaye kujiandikisha kulipia gazeti au chama. "Conscript" ni kuandikishwa pamoja na wengine, hususan jeshini kwa lazima. "Prescribe" ni kuandika kabla, yaani kuagiza au kuweka sharti. "Proscribe" ni kupiga marufuku, kwa sababu katika Roma ya kale majina ya watu waliotolewa katika hifadhi ya sheria yaliandikwa ubaoni na kutangazwa hadharani. Maneno hayo mawili ya mwisho hutofautiana kwa silabi moja tu, lakini kanuni inayosema jambo fulani ni "prescribed" inaliagiza, na inayosema ni "proscribed" inalikataza. Afisa atakayeyachanganya ataamuru kile kilichokatazwa.

Shina jingine lenye manufaa ni "port", yaani kubeba. Kwa shina hilo twaelewa "import", kubeba kwa kuingiza. "Export", kubeba kwa kutoa. "Transport", kubeba kwa kuvusha. Na "report", kurudisha habari. Hata "portfolio" imetoka humo, kwani asili yake ni mfuko wa kubebea karatasi. Waziri aliyepewa mfuko wa nyaraka za wizara ndiye mwenye "portfolio". Asiye nao ni waziri asiye na wizara maalumu. Anayejua asili hiyo hatapata taabu ya kuelewa kwa nini neno moja linahusu karatasi, wizara, na pia jumla ya hisa na amana anazomiliki mtu.

Mashina ya Kigiriki yanatuhusu zaidi sisi tunaounda istilahi za sayansi. "Photo" ni nuru na "synthesis" ni kuunganisha pamoja. Waliounda istilahi ya usanisinuru walivifungua viungo hivyo, kisha wakavijenga upya kwa Kiswahili. Ndivyo ilivyo kwa kipimajoto, ambamo "therm" ni joto na "meter" ni kipimo, na kwa pembetatu, ambamo "tri" ni tatu na "angle" ni pembe. Mwalimu wa biolojia anayewaonyesha wanafunzi viungo hivyo hufundisha masomo matatu kwa wakati mmoja: sayansi, Kiingereza na Kiswahili.

Pamoja na hayo, viambishi vinavyofanana vinataka uangalifu mkubwa. Katika tiba, "hyper" ni juu au kupita kiasi, na "hypo" ni chini au upungufu. "Hypertension" ni shinikizo la juu la damu, ilhali "hypotension" ni shinikizo la chini. "Hyperglycaemia" ni sukari kuzidi katika damu, na "hypoglycaemia" ni sukari kupungua. Masikioni maneno haya hukaribiana sana, lakini mgonjwa mmoja huhitaji kupunguziwa sukari na mwenziwe huhitaji kupewa sukari upesi. Anayefasiri maelezo ya zahanati hana nafasi ya kubahatisha. Vivyo hivyo "ante" ni kabla, kama katika "antenatal", huduma ya mama kabla ya kujifungua. Na "anti" ni dhidi ya. "Inter" ni baina ya, na "intra" ni ndani ya.

4. Mipaka ya viungo

Ijapokuwa viungo vina faida, havifai kuaminiwa bila ya uthibitisho. Mfano ulio wazi kuliko yote ni neno "inflammable". Mtu aliyefunzwa kwamba "in" ni kiambishi cha kukanusha, kama katika "incorrect" na "invisible", atadhani kwamba kitu hicho hakishiki moto. Ukweli ni kinyume kabisa: kinashika moto kwa urahisi. Kiambishi hicho hapa kimetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha moto, wala hakikanushi. Katika karne ya 20 wataalamu wa kinga ya moto walihimiza neno "flammable" litumike badala yake kwenye mapipa na magari, kwa kuhofu makosa ya namna hiyo. Neno lenyewe halijatoweka katika vitabu na nyaraka. Mfasiri wa maelezo ya dawa ya kuulia wadudu au ya mafuta ya taa akiandika kwamba kitu hicho hakishiki moto, ataiweka nyumba ya mtu hatarini.

Aidha, maana ya neno huweza kuhama na kuliacha shina lake nyuma. "Manufacture" kwa asili ni kutengeneza kwa mkono, lakini leo ndilo neno la uzalishaji wa viwandani kwa mitambo. Sisi wenyewe tunayo mifano. Wapo wanaoziita garimoshi hata treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, na hakuna moshi unaoonekana. Shina hutusaidia kukisia na kukumbuka. Uamuzi wa mwisho hutolewa na matumizi, na matumizi yamo katika kamusi na katika maandishi yenyewe.

5. Maneno yenye nyuso mbili

Liko kundi la maneno ambayo msomaji huyapita bila kusimama, kwa kuwa anadhani anayajua. Hayo ndiyo yenye hatari zaidi.

"Sanction" huweza kuwa idhini, na huweza kuwa adhabu au vikwazo. "Oversight" huweza kuwa usimamizi, na huweza kuwa kosa la kupitiwa. Kamati yenye "oversight" ya fedha inazisimamia. Hesabu yenye "oversight" ina kitu kilichosahauliwa. "To table" katika Bunge la Uingereza ni kuwasilisha jambo lijadiliwe, na katika mabaraza ya Marekani ni kuliweka kando lisijadiliwe sasa. "Public school" huko England ni shule ya kulipia isiyo ya serikali, nayo Marekani ni shule ya serikali. Anayefasiri ripoti ya elimu bila kuuliza imeandikwa nchi gani aweza kuigeuza juu chini.

Hata tarakimu zina historia. Zamani katika Uingereza "billion" ilikuwa milioni mara milioni, yaani 1,000,000,000,000. Marekani ilikuwa milioni elfu moja, yaani 1,000,000,000. Mwaka 1974 serikali ya Uingereza ilitangaza kufuata hesabu ya Kimarekani katika takwimu zake, na bilioni ya Kiswahili leo ni hiyo ya milioni elfu moja. Kwa hiyo anayechambua hati za Kiingereza za kabla ya mwaka huo hana budi kuangalia hesabu inayokusudiwa. Kadhalika wenzetu wa Kongo wanaofasiri kutoka Kifaransa wakumbuke kwamba milioni elfu moja kwa Kifaransa ni "milliard", na "billion" ya Kifaransa ni ile kubwa. Kosa hapa ni la mara elfu.

Tuongeze maneno ya muda. "Biennial" ni kila baada ya miaka miwili, na "biannual" ni mara mbili kwa mwaka. "Biweekly" yenyewe haina msimamo: wengine huitumia kwa mara mbili kwa wiki, na wengine kwa kila baada ya wiki mbili. Hapo mfasiri mwema haamui peke yake. Humuuliza aliyeiandika hati. Kuuliza si ujinga.

Maneno tuliyoyakopa nayo yaweza kutupotosha tunaporudi kwenye Kiingereza. Fulana imetoka katika "flannel", lakini Mwingereza akisikia neno hilo atafikiri kitambaa cha namna fulani, na huenda hata kitambaa cha kunawia uso. Hoteli kwetu yaweza kuwa mahali pa kula chai na maandazi tu. "Hotel" ni nyumba ya kulala wageni. Neno likikopwa hupewa uraia mpya, na halilazimiki tena kufuata desturi za kwao.

6. Majirani wa neno

Neno halikai peke yake. Mswahili hupiga simu, hupiga pasi, hupiga kura na hupiga mbizi. Mgeni akizitafsiri kazi hizo kwa kitenzi kimoja cha Kiingereza atachekwa. Nasi tukumbuke kwamba Kiingereza kina desturi zake. Sisi tunakata rufaa. Wao "lodge an appeal". Sisi tunakula kiapo. Wao "take an oath". Sisi tunatoa hukumu. Baraza lao la wazee wa mahakama "reach a verdict". Muswada wa sheria kwao ni "bill", lakini "bill" ni ankara pia, na katika Marekani ni noti ya fedha. Kinachoamua maana ni jirani: "pass a bill" ni kupitisha muswada, na "foot the bill" ni kulipa gharama.

Vyeo navyo ni vya aina hii. "Permanent Secretary" nchini Tanzania ni Katibu Mkuu wa wizara, si katibu wa kudumu. "Secretary-General" wa Umoja wa Mataifa naye ni Katibu Mkuu. "Chief Secretary" ni Katibu Mkuu Kiongozi. Ujuzi wa maneno hayo hauwezi kupatikana kwa kufungua kamusi na kuunganisha vipande. Hupatikana kwa kuijua taasisi yenyewe na madaraka ya kila cheo.

7. Njia ya kujifunza

Baada ya maelezo hayo, tunapendekeza utaratibu ufuatao, ambao hauhitaji gharama kubwa.

Kwanza, mjifunzaji awe na daftari la msamiati. Kila neno jipya liandikwe pamoja na sentensi nzima alimolikuta, viungo vyake, majirani zake wawili au watatu, tabaka lake, na maana nyingine ambayo si ya hapo. Mwisho aandike maelezo yake kwa Kiswahili, kisha neno au fungu la Kiswahili linalolifaa. Asianze na kisawe. Aanze na maelezo. Asiyeweza kulieleza neno kwa Kiswahili chake mwenyewe bado hajalielewa.

Pili, maneno yatoke katika kazi anayoifanya. Mwanasheria asome hukumu, mganga asome maelezo ya dawa, na mwalimu asome vitabu vya somo lake. Maneno matano kwa siku, siku tano kwa wiki, yatazidi 1,000 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, ayarudie kwa kujisaili. Tangu mwaka 1885, Hermann Ebbinghaus alipochapisha uchunguzi alioufanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe, inajulikana kwamba tunasahau mengi upesi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachiana nafasi huimarisha kumbukumbu. Afunike maelezo, alitazame neno, ajaribu kulieleza. Kesho yake arudie, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Kusoma daftari kwa macho tu bila kujijaribu hakumsaidii sana.

Nne, atumie kamusi kwa mpango. Aanze na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza. Kamusi za namna hiyo zilipata nguvu kutokana na kazi ya A. S. Hornby, ambaye kamusi yake ilitoka kwanza Japani mwaka 1942 na kuchapishwa Oxford mwaka 1948. Huonyesha matumizi na majirani wa neno. Halafu aende kwenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, kama ile ya TUKI ya mwaka 1996. Ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ingali na manufaa, lakini haiwezi kujua mambo yaliyozuka baadaye. Mwisho apekue orodha za istilahi sanifu za fani yake, ili asibuni neno ambalo tayari lipo. Kamusi ya visawe iliyo katika mfano wa ile ya Roget ya mwaka 1852 itumike kwa hadhari, kwani huyaweka pamoja maneno yanayokaribiana bila kueleza tofauti zake.

8. Ghala na jiko

Limebaki onyo moja. Mtu akijaza ghala la maneno, hushawishika kuyatoa yote kwa wakati mmoja ili aonekane msomi. Waingereza wenyewe walikwisha kuona ubaya wa jambo hilo. Mwaka 1604 Robert Cawdrey alitoa kamusi iliyoeleza kwa maneno mepesi maneno magumu yapatayo 2,500, mengi yakiwa ya mkopo, kwa kuwa watu wengi wa nchi yake hawakuyaelewa. Mwaka 1948 Ernest Gowers, kwa ombi la Hazina ya Uingereza, alitoa kitabu cha kuwahimiza watumishi wa serikali waandike kwa maneno ya wazi. Baina ya wawili hao zimepita zaidi ya karne tatu, na tatizo lilikuwa lile lile.

Basi tuitenge kazi ya kusoma na kazi ya kuandika. Msamiati wa kusomea uwe mpana kadiri iwezekanavyo, maana hatuchagui maneno ya wale wanaotuandikia. Msamiati wa kuandikia uwe ule unaomfaa msomaji wetu. Mwenye ghala kubwa halazimiki kupika kila kilichomo kwa mlo mmoja. Afisa aliyeelewa waraka wenye maneno "prescribed", "sanction" na "oversight" anatakiwa autoe kwa Kiswahili ambacho mwenyekiti wa kijiji atakisoma mbele ya mkutano bila kusita, na wanakijiji wakaondoka wakijua wameagizwa nini, wamekatazwa nini, na nani anasimamia.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba msamiati wa juu wa Kiingereza hujengwa kwa kuyajua matabaka ya maneno, viungo vyake, nyuso zake na majirani zake. Na kwamba kila neno lililojifunzwa lipitishwe katika Kiswahili ndipo lihesabiwe kuwa limeeleweka. Tunawaomba walimu wavijaribu viungo tulivyovitaja katika madarasa yao, na wafasiri watuletee yale maneno yenye nyuso mbili wanayokutana nayo kazini, pamoja na sentensi zake kamili, maana neno lisilo na sentensi yake ni vigumu kulitolea uamuzi. Kwa njia hiyo orodha za istilahi zitakua kutokana na haja za kweli za ofisi, mahakama, zahanati na shule.